Tulichagua Jumamosi, Tukasahau Mwezi

Saa nne na nusu asubuhi tulikuwa watu 24 upande wa ndani wa Ghuba ya Mnazi, kusini mwa Mtwara mjini, darubini shingoni, tunatazama maji matupu. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye magoti ya mikoko. Yale matope mapana ambako ndege wa pwani hula kwa makundi yalikuwa yote chini ya maji. Tuliona yangeyange wawili juu ya mlilana, mti wa jamii ya mikoko, na buabua mmoja akipita mbali. Mzee mmoja nahodha, aliyekaa kivulini akiziba matundu ya wavu, alituuliza tumefuata nini. Tulipomwambia, aliweka sindano ya wavu mdomoni, akahesabu siku tangu mwezi uandame, kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole vya mkono wa kushoto, kisha akaitoa sindano.

“Leo mwezi nane, wanangu. Maji yamekufa, tena yamejaa asubuhi. Hao ndege mtawaona jioni, mkikaa.”

Tusingeweza kukaa. Gari lilikodiwa mpaka saa tisa. Watu walikuwa wamechanga fedha zao, wengine wameamka saa tisa usiku, na kosa lilikuwa letu waandaaji: siku tuliichagua kwa kutazama ni Jumamosi ipi watu wengi wana nafasi. Hakuna aliyeuliza mwezi uko wapi.

Tulirudi wiki tano baadaye, watu walewale 24, na safari ile ikawa kama ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Tunayaandika ya safari zote mbili kwa ajili ya yeyote anayetaka kupeleka kikundi cha shule, cha kazini au cha mtaani kwenye vijiji vya Msimbati na jirani zake, kuona ndege wa bahari na maisha ya watu wa pale kwa siku moja.

Maji kwanza, maana mengine yote hupangwa kuyafuata. Pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo kuna bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kati ya bamvu na bamvu kuna maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Watu wa pwani wanalijua jambo moja ambalo wageni wengi hatulijui, kwamba saa na bamvu vinakwenda pamoja. Siku za bamvu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi mnamo saa nne yamejaa, alasiri ndiyo yamepwa. Kwa hiyo kikundi kinachokwenda na kurudi mchana mmoja kikifika siku ya maji mafu kitakuta bahari imejaa katika saa zake zote nzuri, na matope yataanza kuonekana wakati wa kufungasha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua kalenda inayoonyesha tarehe za mwezi wa Kiislamu, ile iliyotundikwa misikitini na katika maduka mengi ya Mtwara na Lindi. Tafuta mwezi 14 hadi 17, au mwezi 29 hadi mwezi 2 wa mwezi unaofuata. Siku hizo ni zako. Mwezi 6 hadi 9 na mwezi 21 hadi 24 ziache. Na kwa kuwa kutoka bamvu moja hadi nyingine ni siku 15 kasoro kidogo, Jumamosi hupishana: ikiwa Jumamosi hii ni maji mafu, ijayo iko karibu na bamvu. Mtu akigundua amechagua vibaya, kusogeza safari wiki moja tu kunamwokoa. Sisi tungelijua hilo tusingepoteza shilingi 600,000 za michango ya watu.

Kisha majira. Ndege wengi wanaofuatwa hapa ni wageni. Vitwitwi wa aina nyingi na sululu huzaliana kaskazini ya mbali, Urusi na kwingineko, hushuka pwani yetu kuanzia Agosti na Septemba, na kuondoka mnamo Aprili. Ndege maarufu zaidi wa ghuba hii, mla kaa ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola, huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni na Pembe ya Afrika katika miezi ya joto kali huko, halafu huja kwetu. Mwezi Juni na Julai utakuta wachache tu waliobaki, na kusi linavuma kiasi kwamba boti ndogo ni mateso. Januari hadi Aprili ndege wapo lakini mvua zimekolea, njia za mchanga na tope hazitabiriki. Oktoba na Novemba kusi limelegea, kaskazi halijashika, njia ni kavu na ndege wameshafika. Tatizo la miezi hiyo ni korosho. Ni msimu wa kuokota, na watu wako mashambani tangu alfajiri. Ukiwaomba wenyeji muda, uwalipe kama watu walioacha kazi yao, maana ndivyo ilivyo.

Ruhusa tuliiombea vibaya safari ya kwanza na vizuri ya pili. Eneo lote hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na vijiji vimo humohumo ndani ya hifadhi. Kwa hiyo kuna milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni hifadhi: ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile kila mtu anaiita kontroo namba, na inafaa iombwe siku kadhaa kabla, ikiwa na idadi ya watu, uraia wao na tarehe. Kuiomba siku ileile, wakati mtandao wa simu unakuja na kupotea, ni kujitafutia kusimama juani saa nzima. Wa pili ni kijiji. Barua inaandikwa kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mwenyekiti, wiki mbili kabla, ikitaja mnakwenda wangapi, mtapita wapi, mtapiga picha za nini, mtakula kwa nani na mtaondoka saa ngapi. Halafu mtu mmoja anapiga simu siku mbili kabla kukumbusha. Siku ya safari mnakwenda ofisini kwanza, mnasalimia, mnasaini kitabu cha wageni, ndipo mnashuka pwani. Safari ya kwanza tulishuka pwani moja kwa moja, tukafuatwa na kijana wa ulinzi wa kijiji aliyetuuliza kwa adabu sana sisi ni nani. Ile adabu ilituumiza kuliko angetukaripia. Mto Ruvuma ni mpaka na Msumbiji uko ng'ambo; watu wa huku wana sababu ya kutaka kumjua kila anayekuja. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, na orodha ya majina iandaliwe nakala tatu: ya kijiji, ya dereva, ya kiongozi.

Njiani mnapita Madimba, kilipo kiwanda cha kusafisha gesi inayokwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015. Waambieni watu mapema, kabla gari halijaondoka mjini, kwamba mitambo ya gesi haipigwi picha. Ukisubiri kusema mkiwa mmeshafika, simu kumi ziko dirishani.

Kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati ni kilomita 40 na ushei, na basi dogo la Coaster linafika kijijini bila shida wakati wa kiangazi. Kosa ni kulipeleka mbele zaidi. Kutoka Msimbati kuelekea Ruvula njia ni mchanga, na dereva wetu wa kwanza alijaribu. Tairi za nyuma zilizama mpaka kwenye boriti ya ekseli. Alivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo zilivyozidi kuchimba. Mchanga mkavu haubebi gari zito lenye tairi nyembamba zilizojazwa upepo wa lami; unatawanyika pembeni na gari linakaa kwa tumbo. Kinachosaidia ni kuacha mafuta mara tu unapohisi gari linakuwa zito, kushusha abiria wote, kufukua kwa koleo mbele ya kila tairi mpaka pawe na mteremko mdogo, kutandika makuti au mbao, kupunguza upepo wa tairi, ndipo kusukuma taratibu kwa gia ya chini. Sisi tulikuwa hatuna koleo wala mbao. Tulilipa shilingi 60,000 kuvutwa na gari jingine, saa mbili zikapotea, na pampu ya kurudishia upepo hatukuwa nayo.

Safari ya pili Coaster lilibaki kijijini, chini ya mwembe, karibu na ofisi. Aliyetaka kwenda mbali alikwenda kwa miguu au kwa bodaboda, na waliobaki walikuta ya kutosha palepale.

Tuliondoka mjini saa kumi na moja na nusu alfajiri tukafika saa moja. Maji yalikuwa yapwe kabisa saa tatu na nusu. Saa moja na nusu kabla ya hapo ndipo pa kuanzia: unafuata maji yanavyoondoka, na ardhi inafunguka mbele yako. Tuligawanyika makundi matatu ya watu wanane wanane, kila moja na kiongozi mmoja wetu na mwenyeji mmoja anayejua wapi matope yanabeba na wapi hayabebi. Makundi madogo yana sababu. Ndege wakiona watu 24 wamejipanga mstari mrefu wanahisi wanazungushiwa, wanaruka mapema. Watu wanane walioshikamana, wanaokwenda polepole kwa mshazari badala ya kuwaelekea moja kwa moja, wanavumilika.

Viatu: raba za kufunga ambazo huzionei huruma, au sandali zenye mikanda imara. Ndala hubaki tumboni mwa tope, na miguu mitupu haifai kabisa, kwa sababu mchu na mlilana huinua mizizi yao juu kama penseli zilizochongwa. Palipo na maji ya kifundo, buruta miguu badala ya kuinua na kukanyaga, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani ashtuke aondoke. Mtu akichomwa na mwiba wa taa, dawa ya kwanza ni maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, alitumbukize jeraha humo kwa muda mrefu, nusu saa na zaidi, huku gari likiandaliwa kumpeleka hospitali. Kwa hiyo chupa moja ya chai ibebe maji ya moto tu, na asiinywe mtu.

Huko matopeni hamko peke yenu. Bamvu ndiyo siku ya kina mama kwenda pwani, kanga zimefungwa kiunoni, ndoo mkononi na fimbo ya kuchokolea pweza. Wanaokota kombe na kome, wanainama na kuinuka, na ndege wamewazoea, hawaruki mpaka wafikiwe karibu sana. Mtu wa kikundi chetu alitaka kuwaomba wasogee ili apate picha safi. Tulimzuia. Pale ni shambani kwao na zile ni saa zao tatu za kutafuta kitoweo. Waliokubali kupigwa picha waliombwa kwanza: “Shikamoo mama, tunaweza kukupiga picha?” na wawili walikataa na hilo likaishia hapo. Bibi mmoja, yeye mwenyewe, alituita kutuonyesha tundu la pweza. Halina alama yoyote kwa asiyejua. Alituonyesha vipande vya magamba ya kaa vilivyorundikwa mdomoni mwa tundu, akasema hayo ni makombo yake, mwenye nyumba yumo ndani.

Sasa saa. Hiki ndicho kipengele ambacho mtu akikikosea kinaweza kuua, na tunaomba kisomwe taratibu. Maji yakigeuka hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa huongezeka kidogo sana, hata mtu akadhani ana muda mwingi. Saa ya tatu na ya nne ndizo za kasi: katika kila moja huingia robo ya maji yote. Kwa bamvu ya mita 3 hiyo ni sentimita 75 kwa saa moja, kutoka kwenye goti mpaka karibu na kifua. Na maji hayaji kutoka mbele yako tu kama wimbi la ufukweni. Yanaingia kwanza kwenye vijito na mifereji, ambayo mingi iko nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Unaweza kusimama juu ya fungu la mchanga kavu kabisa, unatazama ndege, na njia yako ya kurudi imeshafika kiunoni. Kwa hiyo tuliweka saa: maji yamepwa saa tatu na nusu, saa tano kamili kila mtu awe nchi kavu, na kiongozi wa kila kundi ahesabu watu wake mara tatu: wakishuka, wakigeuka, wakitoka. Anayesema “dakika moja tu” arudi naye mbele ya kundi, asiachwe nyuma.

Wanaotoka matopeni saa tano hawajakosa kitu, maana ndege walio karibu zaidi wanaanza hapo. Wakati maji yamepwa kabisa ndege wametawanyika kilomita nzima, mwingine nukta tu kwenye darubini. Maji yanapopanda yanawakusanya. Kila sehemu inapozama wanahamia iliyo juu zaidi, mpaka wote wanabanana kwenye mafungu machache ya mwisho. Mwenyeji wetu alikuwa ametuonyesha mapema fungu ambalo huchelewa kuzama. Tulikaa kivulini, jua likiwa nyuma yetu, kama mita 150 kutoka pale, tukaacha maji yafanye kazi.

Walifika kwanza vitwitwi, wakimbiaji wa mstari wa povu, miguu haionekani kwa kasi. Wakafuata sululu wenye midomo mirefu iliyopinda chini. Mmoja alitumbukiza mdomo wake tunduni, akauzungusha kidogo kufuata mkunjo wa shimo, akatoka na kaa mdogo mwenye gando moja kubwa. Kisha wakaja wala kaa wenyewe, kwa kelele, kundi zima likizungumza kwa pamoja. Ni ndege mweupe mwenye weusi mgongoni na mbawani, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi ambao kwa vitwitwi wenzake ungeonekana umekopwa kwa ndege mwingine. Ni mdomo wa kuvunjia. Tulimtazama mmoja alivyosimama kimya, akapiga hatua tatu za haraka, akachoma. Kaa alikuwa mkubwa. Alimbwaga mchangani, akamdonoa mpaka makucha yakatoka, akammeza mwili, kisha akarudia miguu mmoja mmoja. Pembeni yake kinda mwenye mgongo wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, alikuwa ameinamisha kichwa akiomba. Wazazi wa ndege hawa huendelea kuwalisha watoto wao hata baada ya safari ya kuvuka bahari. Na kiota chao ni shimo refu mchangani, ambako hutaga yai moja jeupe na kuuachia joto la mchanga sehemu kubwa ya kazi ya kuatamia. Hakuna ndege mwingine wa jamii hiyo ya pwani anayechimba shimo ataamie humo.

Kwa darubini, moja ya 8x42, yaani inayovuta mara 8, kwa kila watu watatu inatosha wakipokezana. Zile zinazovuta mara 12 na zaidi mkono wa kawaida hauzitulizi. Darubini moja ya miguu mitatu kwa kikundi kizima inafaa kuliko tano za shingoni. Nguo za rangi ya udongo au majani. Droni iachwe nyumbani: ndege hudhani ni mwewe, fungu zima linaruka, na wale waliotoka kuvuka bahari wanatumia nguvu walizokuja kuzitafuta hapa. Kama ndege wameacha kula na wote wameinua shingo kukutazama, umeshasogea mno. Rudi nyuma hatua kadhaa ukae chini.

Saa sita na nusu tulisimamisha kila kitu kwa ajili ya swala ya adhuhuri na chakula. Vijiji hivi ni vya Waislamu wengi, na ratiba isiyo na nafasi ya swala huwafanya wenyeji wenu waombe ruhusa kwenye kazi yenu kama watoto wa shule. Ipangwe tangu barua ya kwanza. Kipindi cha Ramadhani hatungepeleka kikundi cha kula mchana. Mavazi nayo: suruali za chini ya goti au kanga juu ya kaptula mnapopita kijijini, hata kama pwani mlikuwa mmeloa.

Chakula kilipikwa na kina mama watatu wa kijijini. Kwa watu 24 pamoja na wenyeji wanne tulipeleka fedha siku mbili kabla, wakanunua mchele kilo 6, nazi 12, samaki kilo 8, na mafungu ya kisamvu. Kilo moja ya mchele kwa watu watano, nazi mbili kwa kilo: ukipunguza nazi utasikia. Juu yake wakatuletea ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, ambayo watu wa mikoa mingine hawaijui, na ambayo iliisha kabla ya wali. Fedha zitangulie, kwa sababu mama hawezi kukopa samaki wa kilo nane kwa ahadi ya wageni ambao huenda wasije. Safari ya kwanza tulifika mikono mitupu tukiomba chakula saa saba. Kilichopatikana ni chapati 30 na chai, na waliotupatia walijihangaisha sana.

Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu. Kwa watu 24 hizo ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20, yakajazwa mjini. Na choo. Hakuna anayelizungumza katika mikutano ya maandalizi, na ndilo linalowatesa wanawake wa kikundi siku nzima. Ombeni choo kwenye barua ileile ya mtendaji; cha shule au cha ofisi. Bebeni maji, sabuni na karatasi zenu, mkiache kisafi kuliko mlivyokikuta, mumlipe anayekitunza.

Boti tuliziacha mwisho kwa makusudi. Hori za mikoko, yaani vijito vya bahari vinavyopenya kati ya miti hiyo, hupitika maji yakiwa juu, na kwa hesabu ya siku ile yangejaa saa tisa na nusu hivi. Tuliingia saa nane, boti mbili, watu 12 kila moja, kila mmoja na jaketi okozi lililofungwa mikanda yote, na idadi ya majaketi tuliihesabu wenyewe siku moja kabla. Safari ya kwanza tuliambiwa majaketi yapo, tukakuta saba, na tukafanya jambo moja sahihi siku ile: hatukupanda. Tulilipia subira ya boti shilingi 30,000 na hatujutii hata senti. Ndani ya hori nahodha alizima injini akashika upondo, mti mrefu wa kusukumia boti. Hapo ndipo unapomsikia mdiria, na kaa wakikwaruza kwenye magome, na nahodha anakuonyesha mkandaa wa nguzo za nyumba, mkomafi wenye matunda kama mpira, mkoko unaoangusha mche wake uliokwisha kuota ukachoma tope kama mkuki. Saa tisa na robo tulikuwa tumetoka. Ukibaki humo maji yakageuka, boti inakalia tope, na utasubiri mpaka usiku.

Fedha. Safari ya kwanza kila mtu alitoa 25,000 na hatukuweka akiba hata kidogo, hivyo zile 90,000 za mvuto na boti zilitoka mifukoni mwa waandaaji. Ya pili kila mtu alitoa 35,000, jumla 840,000: Coaster na mafuta 350,000, chakula 192,000, boti 120,000, wenyeji waliotuongoza 50,000, maji na madumu 30,000. Zilizobaki, 98,000, zilikuwa akiba, na ada ya hifadhi kila mtu alijilipia. Bei hizo ni za siku zile na za makubaliano yale. Kinachofaa kuiga ni akiba ya zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kwamba kila aliyelipwa alilipwa mkononi mwake, mbele ya mtu wa ofisi ya kijiji, akasaini. Pipi kwa watoto hatukugawa. Mchango wowote wa kijiji huenda ofisini kwa stakabadhi.

Saa kumi tulirudi ofisini kuaga na kuandika muda wa kutoka kwenye kitabu, watu wakahesabiwa kwa orodha ya majina mara ya mwisho, viatu vikagongwa tope kwenye shina la mwembe. Wiki iliyofuata tulimpelekea mtendaji karatasi moja yenye hesabu ya ndege kwa majina na tarehe, na picha nane zilizochapishwa, ikiwemo ya bibi wa pweza, aliyekuwa ameomba yake iwe kubwa. Yule nahodha mzee tulimpigia simu kumuuliza safari ijayo iwe lini. Tulimsikia amenyamaza kidogo, anahesabu.

“Mwezi kumi na tano utaangukia Jumapili. Njooni Jumamosi, ila mfike mapema kuliko siku ile.”